Mafuta kwa Mgongo wa Chupa: Pipa, Debe na Lugha ya Kupimia Matumizi ya Mafuta Ulimwenguni

Utangulizi

Katika darasa la tafsiri ninalosaidia kulifundisha, wanafunzi wa mwaka wa pili walipewa kifungu cha habari za biashara chenye sentensi moja ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haina utata wowote: kwamba ulimwengu hutumia takriban mapipa milioni 100 ya mafuta kila siku. Wote waliitafsiri vizuri. Hakuna aliyekosea upatanisho wa kisarufi wala tahajia. Hata hivyo, nilipowaomba wachore pipa walilokuwa wakilifikiria walipoandika sentensi hiyo, wengi walichora pipa la chuma la kukingia maji ya mvua, lile refu lenye mikanda miwili kiunoni. Wachache walichora pipa la taka. Mmoja, ambaye nadhani alikuwa akinitania, alichora tangi jeusi la maji lililoinuliwa juu ya mawe. Hakuna hata mmoja aliyechora pipa ambalo sentensi ile inalizungumzia, na si kosa lao. Pipa hilo halionekani popote siku hizi. Limebaki kuwa hesabu tu.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba namna tunavyoyasimulia matumizi ya mafuta kwa Kiswahili, yaani kwa pipa, kwa jina la nchi, na kwa nomino "matumizi" isiyomtaja mtumiaji, hutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tunahisi kwamba tumeelezwa jambo, ilhali tumeteleza juu yake. Aidha, yanapendekeza kwamba Kiswahili tayari kina chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo, nacho kimekaa jikoni na sokoni mwetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Takwimu zitakazotumiwa ni za kukadiria, na aghalabu zinahusu mwaka wa 2023.

Mafuta na ngeli yake

Neno mafuta lina asili ya Kibantu, na ndugu zake si wachache: Wagikuyu husema maguta, Wakamba mauta, na Wazulu amafutha. Limo katika ngeli ya YA-YA pamoja na maji, maziwa na mate, na kwa kawaida halina umoja. Hatuulizi "mafuta mangapi?" bali "mafuta kiasi gani?" Kwa sababu hiyo, kila anayetaka kuyahesabu hulazimika kwanza kutafuta chombo: tone la mafuta, kijiko, chupa, mtungi, debe, pipa. Kinachohesabika ni chombo, si kilichomo. Jambo hili dogo la sarufi ndilo msingi wa hoja yangu yote, kwa maana kama msomaji hakijui chombo, idadi aliyopewa haina thamani kwake hata ikiwa sahihi.

Fauka ya hayo, neno lenyewe ni pana mno. Mafuta ni ya nazi, ya alizeti na ya nguruwe. Mafuta ni ya gari na ya taa. Kasisi humpaka mgonjwa mafuta. Mtu aliyenenepa huambiwa ana mafuta. Kwa hiyo mwanafunzi anaposoma kwamba ulimwengu hutumia mapipa milioni 100 ya mafuta, hana budi kuambiwa kwamba yanayohesabiwa kwa sehemu kubwa ni yale yaliyochimbwa ardhini: petroli, dizeli, mafuta taa, mafuta ya ndege, mafuta mazito ya meli, sehemu kubwa ya gesi ya kupikia, lami ya barabarani, na malighafi ya plastiki. Hata yale mafuta mazito ya kopo ambayo mama humpaka mtoto usoni kabla hajaenda shuleni hutokana na mafuta hayo hayo. Mmarekani Robert Chesebrough alipewa hataza ya kuyatengeneza mnamo 1872.

Istilahi zetu hazijasaidia. Katika Kiswahili cha Kenya, petroli ni kile kiowevu kinachotiwa katika gari dogo na pikipiki. Nchini Tanzania, Shirika la Maendeleo ya Petroli linashughulikia mafuta ghafi na gesi asilia, yaani petroli hapa ni jumla ya vyote vinavyochimbwa. Matokeo yake ni kwamba tunasoma magazetini kuwa "bei ya petroli ulimwenguni imepanda", na mwendesha bodaboda anaelewa jambo moja huku mwandishi akikusudia jingine. Kwa maoni yangu, ghafi ndilo neno linalotufaa kwa yale ambayo hayajasafishwa, na petroli ibaki kituoni.

Pipa gani?

Pipa ni neno tulilolipata kwa Wareno. Pipa la wafanyabiashara wa mafuta nalo lina historia yake. Mwaka wa 1859, Edwin Drake alipochimba kisima cha Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, hapakuwa na chombo maalumu cha kubebea kilichotoka. Mafuta yalitiwa katika mapipa yoyote ya mbao yaliyopatikana, hata yaliyokuwa ya pombe, na ukubwa wake ulitofautiana. Katika miaka ya 1860 na 1870 wauzaji na wanunuzi wa huko walikubaliana kwamba pipa lihesabiwe kuwa galoni 42 za Kimarekani, yaani takriban lita 159. Baadaye mabomba na meli zikachukua kazi ya mapipa ya mbao, lakini kipimo hakikufa. Leo mafuta ghafi husafirishwa kwa mamilioni ya mapipa bila ya kuwapo pipa hata moja.

Pipa la chuma walilolichora wanafunzi wangu hubeba lita 200 na ushei. Tofauti ya lita 41 yaweza kuonekana ndogo. Hebu tuizidishe kwa milioni 100. Msomaji anayefikiria pipa la chuma huongeza lita bilioni 4.1 katika matumizi ya ulimwengu ya siku moja tu. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mafuta yote ambayo Kenya hutumia kwa mwaka mzima. Ni nadra kosa la taswira kuwa na uzito wa namna hiyo.

Kutoka pipa hadi debe

Kipo chombo kingine. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, mafuta taa yalifika pwani ya Afrika Mashariki yakiwa katika makopo ya bati ya pembe nne, kila kopo likiwa na galoni 5 za Kimarekani, na makopo mawili yakitiwa katika sanduku moja la mbao. Kopo hilo ndilo debe, neno lenye asili ya Kihindi. Mafuta yalipokwisha debe halikutupwa. Lilitekewa maji, likapimiwa mahindi na maharagwe, likakunjuliwa na kuwa ukuta na paa la nyumba, likapigwa kituoni kuwaita abiria hadi kazi hiyo ikaitwa kupiga debe. Leo wanasiasa hupigiwa debe na watu ambao huenda hawajawahi kuligusa debe lenyewe. Tumesahau kabisa kwamba chombo hiki kililetwa na mafuta. Hubeba takriban lita 19, ingawa sokoni siku hizi huhesabiwa kuwa 20.

Tuyarudishe basi mafuta katika debe lake. Mapipa milioni 100 na zaidi kidogo, yakigawanywa kwa watu wapatao bilioni 8, humpa kila mtu lita 2 hivi kwa siku. Huo ndio wastani wa ulimwengu: chupa za soda sita au saba, zile za kioo za mililita 300. Wahindi hutumia mapipa milioni 5.4 kwa siku, nao ni zaidi ya bilioni 1.4, kila mmoja ana chupa mbili za soda. Wachina hutumia takriban mapipa milioni 16, na kila mmoja ana chupa sita. Wamarekani, ambao ni watu milioni 335, hutumia mapipa milioni 20. Kila Mmarekani, mtoto mchanga akiwemo, ana lita 9.5: nusu debe kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Nchini Kenya matumizi ni kama tani milioni 5 kwa mwaka. Ukizigeuza kuwa lita na kuwagawia wananchi wote, kila mmoja atapata theluthi ya lita kwa siku. Chupa moja ya soda.

Nusu debe kwa chupa moja ya soda: tofauti hii mtoto wa darasa la nne anaweza kuishika mkononi. Linganisha na namna ambavyo habari hii huandikwa kwa kawaida: kwamba Marekani inaongoza kwa matumizi ya mafuta ikifuatwa na Uchina. Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini inawaweka Mmarekani na Mchina bega kwa bega kana kwamba ni washindani wa riadha, ilhali wa kwanza ana nusu debe na wa pili hajafikisha lita mbili. Anayeisoma hutoka akiamini kwamba Wachina ndio wanaokaribia kuyamaliza mafuta ya dunia. Au chukua petroli peke yake, ile ya magari madogo. Wamarekani huunguza takriban mapipa milioni 9 ya petroli kwa siku. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya watu bilioni 1.4, hutumia mapipa yapatayo milioni 4 ya mafuta ya kila aina: ya malori, ya ndege, ya jenereta na ya koroboi. Yaani magari ya nchi moja hutumia maradufu ya mahitaji yote ya bara letu.

Nakiri kwamba debe nalo lina udanganyifu wake. Wastani huficha zaidi ya unavyofichua. Chupa yangu ya soda ya kila siku si sawa na ya mkulima wa kijijini anayewasha taa saa mbili kila usiku, wala si sawa na ya tajiri anayeendesha gari kubwa peke yake kutoka Karen hadi katikati ya Nairobi na kukwama njiani kwa saa nzima injini ikinguruma. Zaidi ya hayo, yapo mambo ambayo debe haliwezi kuyaeleza bila msaada. Kila mkaazi wa Saudia, kwa hesabu hii, ana zaidi ya lita 15 kwa siku, karibu debe zima. Mtu angedhani kwamba Wasaudi hawashuki garini. Ukweli ni kwamba nchi hiyo huunguza mafuta mengi katika vituo vya umeme na katika kusafisha maji ya bahari ili yanyweke, na kwa miaka mingi imeyauza mafuta kwa bei nafuu ndani ya nchi. Nchini Singapore hali ni ya ajabu zaidi: zaidi ya lita 30 kwa mtu mmoja, debe moja na nusu na zaidi! Nchi hiyo ni kisiwa kidogo chenye reli nzuri za mjini na magari machache yanayotozwa kodi kali. Lakini meli za ulimwengu mzima hutia nanga hapo kujaza mafuta, na viwanda vyake vya kemikali hula mafuta ghafi kwa wingi. Katika takwimu nyingi vyote hivyo huandikwa kwa jina la Singapore.

Nani anayetumia?

Mfano wa Singapore unatuingiza katika suala la kiima. Tunaposema "Singapore hutumia mafuta", nani ametumia? Meli imepita njiani kuelekea Rotterdam ikiwa imebeba bidhaa za mtu mwingine kabisa. Wanafasihi tunaifahamu mbinu hii kwa jina la tashihisi: kitu kisicho na uhai hupewa tendo la mtu. Katika ushairi hutupendeza. Katika takwimu humwondoa mtendaji na kuweka bendera mahali pake.

Lugha ya kila siku nayo ina tashihisi yake, tena yenye uhai zaidi. Gari linakula mafuta. Gari la mjomba "linakunywa", na mwenye nalo hulilalamikia kama mfugaji anayemlalamikia ng'ombe mlafi asiyetoa maziwa. Msikilize vizuri, utaona kwamba amejitoa kabisa katika sentensi. Mlaji ni gari. Yeye ni mlishaji tu, mtu wa kuhurumiwa.

Hali kadhalika katika vitenzi vya kupungua. Kiswahili kimejaliwa minyambuliko inayoweza kumtaja au kumficha mtendaji kwa silabi chache: yalipungua, yalipunguzwa, waliyapunguza. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga viwanja vya ndege na barabara, matumizi ya ulimwengu yalishuka kwa takriban mapipa milioni 9 kwa siku, na tarehe 20 Aprili mwaka huo bei ya mafuta ghafi katika soko moja la Marekani iliteremka chini ya sifuri: aliyekuwa nayo alikuwa tayari kumlipa mtu ayachukue. Hapa "yalipungua" linafaa, maana hakuna aliyekaa chini akaamua.

Lakini tuangalie mfano wa karibu. Mwezi wa Septemba 2018 serikali ya Kenya ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, juu ya ushuru mwingine uliokuwapo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wafanyabiashara walaghai waliyachanganya mafuta taa na dizeli, nayo magari yakaharibika. Ilikuwa sababu ya kweli. Ulaghai huo ulikuwapo. Baadaye takwimu zikaonyesha kwamba kiasi cha mafuta taa kilichouzwa nchini kilishuka sana, na habari ikaandikwa kwamba matumizi ya mafuta taa yamepungua. Yamepungua, kama maji ya bahari yanavyopwa. Sehemu ya upungufu huo ni walaghai walioacha biashara, na sehemu nyingine ni watu waliopata taa za jua au gesi. Wamo pia waliorudi kwenye kuni na makaa, na waliozima taa mapema. Kitenzi kimoja cha kutendeka kimewafunika wote kwa shuka moja, na anayeisoma habari hiyo hawezi kujua ni nani aliyefaidika na ni nani aliyeumia.

Dakika tatu

Mwezi wa Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamegunduliwa katika kaunti ya Turkana, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia 1. Wengi wetu tunakumbuka furaha ya siku zile. Mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya iliondoka katika bandari ya Mombasa baada ya kubebwa kwa malori kutoka Lokichar. Ilikuwa na mapipa yapatayo 200,000. Kwa sikio la msomaji wa Kiswahili, laki mbili ni wingi usiosemeka.

Ulimwengu hutumia mapipa 69,000 na zaidi kwa dakika. Malori yale yote, yaliyoshuka kutoka Turkana mwezi baada ya mwezi tangu Juni 2018, yalibeba mahitaji ya dunia ya takriban dakika tatu. Sisemi haya kuibeza Turkana. Nasema kwamba "mapipa laki mbili" na "dakika tatu" ni maelezo ya kitu kimoja, na kwamba magazeti yote niliyoyasoma yalichagua lile la kwanza.

Mafuta ya ishirini

Nimeacha hadi mwisho kipimo ambacho vitabu vya hisabati havikitaji, ingawa ndicho nilichokijua kwanza. Nilipokuwa mtoto nilitumwa dukani jioni na chupa yenye kizibo cha gunzi, na maneno yangu yalikuwa, "Shikamoo mama, nipe mafuta taa ya ishirini." Hatukutaja lita wala chupa, sembuse pipa. Kituoni pia, dereva wa bodaboda husema, "Weka ya mia mbili." Kihusishi -a cha umilikishi, ambacho kwa kawaida hutuonyesha aina au mwenyewe, hapa kinaonyesha thamani. Fedha imekuwa chombo.

Ubaya wa chombo hiki ni kwamba ukubwa wake hubadilika ilhali jina lake halibadiliki. Chukua kwamba lita ni shilingi 80: mafuta ya ishirini ni robo lita. Lita ikifika 100, mafuta ya ishirini ni humusi. Mtoto ametumwa kwa sentensi ile ile, amelipa noti ile ile, na amerudi na mafuta pungufu, wala hakuna neno hata moja katika mazungumzo yake na mwenye duka lililoonyesha kwamba kuna kilichopungua. Bei ya lita hupangwa na mambo ya mbali: nusu debe la Mmarekani, mikutano ya nchi zinazouza mafuta, vita, thamani ya dola, na ushuru wa Nairobi. Yote hayo hufika kwenye chupa bila kutajwa. Aliyeyajua ni nyanya yangu peke yake. Yeye hakuitazama noti wala hakuuliza bei. Aliiinua chupa mbele ya mlango palipokuwa na mwanga, akatazama mafuta yamefika wapi, kisha akaupunguza utambi wa koroboi.